Wimbo wa Saba kwenye Albamu ya Freni Imekatika

Sylvain: Haloo! Haloo? Hii namba siijui, nani anaita?

Kadidja: Sylvain, ni...

Sylvain: Haloo? Sisikii kitu. Ongea na nguvu!

Kadidja: Ni miye. Kadidja.

Sylvain: Kadi! Mama, ni yeye, ni Kadidja! Ngoja, Kadi, ngoja nitoke nje, hapa dukani batu wanabishana bei ya vitenge... Bon. Wiki tatu! Wiki tatu simu yako imezimwa. Uko wapi?

Kadidja: Niko Ubundu bado. Hii simu ni ya muzee mumoja, hapa kwenye kituo ya treni. Sylvain, sikiliza, niko na kitu ya—

Sylvain: Kwanza habari yako! Uko muzima?

Kadidja: Niko muzima. Kwenu? Mama Katungu?

Sylvain: Mama iko sawa, anauza, anagombana, iko sawa kabisa. Nilipita kwenu Kabondo mara mbili, nikakuta kufuli kwenye mulango. Jirani akasema wote wamekwenda Ubundu juu ya dada yako Nadia. Nikasema ah, Yaya Nadia amezaa, wako kwenye sherehe, wamenisahau! Donc hongera, mama mudogo. Ni musichana ao kijana?

Kadidja: Musichana. Sylvain—

Sylvain: Musichana! Alors, shika moyo vizuri. Niko na habari mbili. Ya kwanza: albamu inatoka.

Kadidja: Albamu...

Sylvain: Ya film, Kadi! Ya "Freni Imekatika"! Mama Delphine amemaliza kukata picha. Jumamosi anaionyesha pale kanisani, kwenye sale ya paroisi, na albamu inatoka siku ileile. Nyimbo kumi na moja. Ya saba ni yetu. Ya saba! "Daraja", Sylvain na Kadidja.

(Upepo kwenye simu. Mtandao unakoroma.)

Kadidja: Si walisema hawaitaki?

Sylvain: Yule fundi ya sauti njo alisema. Alisema film ya magari inataka chuma, inataka besi ya kutikisa kifua, haitaki sauti ya bibi-harusi. Akasema hii albamu tayari ni sufuria ya kilio, kila mutu ametupa chakula yake ndani: rap ya vijana wa Mangobo, rumba ya Tonton Élie, koro ya paroisi, ngoma ya Walokele, muziki ya mashine. Ukiongeza kaswida, batu watatapika. Alisema hivyo mbele yangu.

Kadidja: Na Mama Delphine?

Sylvain: Alimuambia kaa chini. Akaweka ile sehemu ambayo gari nyekundu inafika kwenye daraja ya Tshopo, dereva anakanyaga freni, hakuna kitu. Unajua alifanya nini? Alizima motere ya gari.

Kadidja: Alizima namna gani?

Sylvain: Alizima sauti yote! Motere, matairi, firimbi, hata maji ya maporomoko. Gari inakwenda kimya, Kadi, inakwenda kama ndoto, na sauti yako peke yake iko juu. Hata miye siko! Rap yangu inaingia baadaye, gari ikishasimama. Tulikuwa batu nane kwenye ile chumba. Tonton Élie akavua kofia. Fundi ya sauti akatoka nje, akasema anakwenda kuvuta sigara. Na yeye havuti sigara.

Kadidja: Ile mwanzo, ile sauti ya kupanda polepole... si miye niliitunga.

Sylvain: Si weye? Nani?

Kadidja: Yaya Nadia. Alikuwa anaiimba akitwanga majani ya pondu, nyuma ya nyumba. Haikuwa hata na maneno. Nilimuibia.

Sylvain: Kumbe! Basi yeye njo atapata fulashi ya kwanza. Muambie hivyo. Tunauza kwenye fulashi, kila moja kwenye bahasha yake, picha ya gari mbele, majina ya waimbaji nyuma. Muambie— eh! Njo huyo?

(Mtoto mchanga analia karibu na simu.)

Sylvain: Sikia hiyo koo! Huyo atakupita, Kadi. Mupatie mama yake amunyonyeshe, tuendelee.

(Mtoto analia.)

Sylvain: Kadi?

Kadidja: Mama yake haiko.

Sylvain: Alikwenda sokoni?

Kadidja: Sylvain...

Sylvain: Haloo? Rezo inapotea, sikusikii vizuri.

Kadidja: Unanisikia. Rezo iko sawa. Yaya haiko tena.

(Mtoto ananyamaza, anaanza tena.)

Sylvain: Hapana. Kadi, hapana.

Kadidja: Mutoto alitoka asubuhi, akalia vizuri. Yaya akamushika, akamuhesabu vidole vya miguu, akacheka, akasema huyu amechukua miguu ya Papa. Kisha damu ikakataa kusimama. Saa sita ya mchana ilikuwa imeisha. Tumemupatia mutoto jina yake. Anaitwa Nadia.

Sylvain: Mungu wangu. Na miye niko hapa napiga kelele, habari mbili, habari mbili...

Kadidja: Hukujua.

Sylvain: Juu ya nini hukuniita? Ningekuja! Ningekuja na miguu!

Kadidja: Sikuwa na sauti. Niliizima simu, nikaificha chini ya nguo za Yaya. Sikutaka mutu aniulize habari yangu. Ukiulizwa habari lazima useme nzuri, na miye ningesema nini?

Sylvain: Pole, Kadi. Pole sana. Papa na Mama?

Kadidja: Papa anasali. Akimaliza anasali tena. Mama anaangalia ukuta.

Sylvain: Na bwana yake? Semeki Hamadi?

Kadidja: Kisha mazishi Hamadi alipanda mto kununua samaki, ile kazi yake, wiki mbili kama kawaida. Akarudi siku ya tatu, vikapu vitupu. Nikamuuliza samaki iko wapi, akasema alifika pale, wavuvi wakamuuliza mama ya batoto anaendeleaje, akageuza pirogi yake palepale kwenye maji.

Mama Katungu (kwa mbali): Sylvain! Umeshamuambia? Muambie Jumapili tunakwenda kwa baba yake kuposa! Muambie kitenge ya mama yake nimeichagua miye mwenyewe!

Sylvain: Mama, ngoja! Ngoja kwanza!

Kadidja: Mama yako anasema nini?

Sylvain: Hakuna. Anaongea na muteja.

Kadidja: Nilisikia, Sylvain. Ile njo habari ya pili?

Sylvain: Ee.

Kadidja: Alikubali.

Sylvain: Jumatatu. Miaka mbili ananiambia Mwislamu hapana, utanizika mbele ya saa. Jumatatu duka ilikuwa tupu, kuranti ya umeme ilikuwa imekatika, nikamuchezea wimbo kwenye simu. Akaisikiliza mara tatu. Akasema, mutoto mwenye kuimba hivi, Mungu anamufahamu. Akapanda kwenye kiti, akaanza kutafuta kule juu, kwenye vitenge ambavyo haviuzwi.

Kadidja: Iko na rangi gani?

Sylvain: Bluu. Na ndege wadogo wa njano.

Kadidja: Ni nzuri.

Sylvain: Tutangojea, Kadi. Kilio kwanza. Hata mwaka muzima. Mama ataelewa, kitenge haiozi, tutangojea mpaka—

Kadidja: Kesho naolewa.

(Mtandao unakoroma, unatulia.)

Sylvain: Sikusikia.

Kadidja: Kesho, baada ya swala ya Ijumaa. Na Hamadi.

Sylvain: Hamadi yupi?

Kadidja: Yule uliyemuulizia sasa hivi.

Sylvain: Bwana ya dada yako.

Kadidja: Ndiyo.

Sylvain: Nani aliamua? Papa yako? Mupatie simu. Kadi, mupatie Papa simu, nitaongea naye na heshima yote, lakini nitaongea—

Kadidja: Papa haiko hapa. Na si yeye.

Sylvain: Wazee basi!

Kadidja: Wazee waliniuliza. Walikaa pande mbili, wakaniita. Papa akasema mbele yao wote: Kadidja, ukisema hapana, hakuna mutu hapa atakununia. Alisema hivyo, Sylvain. Ningekuwa na mutu wa kumukasirikia ingekuwa rahisi. Nikaomba siku mbili.

Sylvain: Siku mbili za nini?

Kadidja: Za kukaa na weye. Nilikuwa natembea kando ya mto, naongea na weye. Nilikueleza yote, ukanijibu yote. Uliongea vizuri kupita leo.

Sylvain: Na nikakuambia nini?

Kadidja: Nirudi.

Sylvain: Njo hivyo! Rudi!

Kadidja: Siku ya tatu nilikuwa nakuja kusema hapana. Nikasema nimuoshe mutoto kwanza. Sara akaja. Unamukumbuka Sara? Mutoto mukubwa ya Yaya, iko na miaka sita.

Sylvain: Namukumbuka. Alimwaga Fanta kwenye viatu vyangu.

Kadidja: Tangu siku ya mazishi alikuwa hasemi. Hata neno moja. Akasimama kando ya beseni, akaniangalia. Akaniuliza: Mama mudogo, weye utakufa siku gani? Hakuuliza kama nitakufa. Aliuliza siku gani. Alitaka kujua mapema, Sylvain, asinizoee bure.

(Mtoto analia kidogo, ananyamaza.)

Sylvain: Walete hapa. Sikiliza. Sara, na huyu mudogo, walete Kisangani. Nitawalea. Si maneno, Kadi, kweli. Mama iko na vyumba nyuma ya depo ya duka. Batu watawaita wa kwetu, watasoma, watakula. Sara atamwaga Fanta kila siku. Nitawalea.

Kadidja: Najua ungewalea.

Sylvain: Basi?

Kadidja: Baba yao iko hai. Amepoteza bibi, tumunyang'anye na batoto? Na miye siwezi kukaa kwenye nyumba yake bila ndoa, weye unajua. Nikiondoka, ataleta mwengine. Lazima, mutu ya mto hawezi kulea mutoto mwenye kunyonya. Ataleta mutu ambaye hakumujua Yaya. Hatajua alicheka namna gani. Batoto watauliza habari ya mama yao, na hakuna mutu wa kujibu.

Sylvain: Unamupenda?

Kadidja: Ni mutu muzuri. Anamulilia Yaya, na hafichi machozi nikiingia. Tutamulilia wawili.

Sylvain: Na miye?

Kadidja: Usiniulize kitu ambayo unaijua.

(Mtandao unakatika. Sauti zinarudi nusunusu.)

Sylvain: ...na moto, ile pikipiki ya Idrissa. Unanisikia? Idrissa iko na moto mupya, anaijua ile barabara. Nikitoka sasa hivi, nikalala njiani—

Kadidja: Mvua imenyesha siku nne.

Sylvain: Nitafika! Mbele ya swala nitakuwa hapo!

Kadidja: Utafika. Najua utafika. Njo sababu nakuita.

Sylvain: Sikuelewi.

Kadidja: Ningeweza kunyamaza, usikie kwa batu. Lakini nilijua utakuja. Na ukija, nikikuona umesimama pale mbele ya batu, na matope mpaka kwenye magoti, nitapanda ile moto. Sitauliza tunakwenda wapi, nitapanda. Na Sara atakuwa mulangoni anatuangalia. Usije, Sylvain. Sijawahi kukuomba kitu.

(Honi ya pikipiki upande wa Sylvain.)

Kadidja: Sema kitu.

Sylvain: Jumamosi nani ataimba?

Kadidja: Olga. Iko na pumzi.

Sylvain: Olga anaimba kanisani. Atapiga alleluya katikati ya daraja.

Kadidja: (anacheka kidogo, kicheko kinavunjika) Mufundishe. Muambie mwanzo asiusukume. Aachie sauti ipande yenyewe, kama mutu mwenye kazi mikononi, hajui kama anaimba.

Sylvain: Nitamuambia.

Kadidja: Kwenye albamu mutaacha sauti yangu?

Sylvain: Kadi! Nani ataigusa? Fundi ya sauti mwenyewe atapigana.

Kadidja: Lakini jina... Nyuma ya ile bahasha waliandika nini?

Sylvain: "Daraja: Sylvain na Kadidja." Imetoka kwa muchapaji jana. Bahasha mia mbili.

Kadidja: Toa jina yangu.

Sylvain: Hapana.

Kadidja: Andika Nadia. Sauti ni ya kwake, nimekuambia. Na miye, kesho nitakuwa bibi ya mutu. Sitaki aingie sokoni asikie vijana wanaita jina ya bibi yake pamoja na ya kijana mwengine. Hajanikosea kitu.

Sylvain: Na miye nimekukosea nini?

Kadidja: Hakuna. Hakuna, Sylvain, hata siku moja.

Sylvain: ...Zimeshachapwa.

Kadidja: Basi, kama zimeshachapwa—

Sylvain: Nitafuta na kalamu. Moja moja. Niko na leo, niko na kesho yote. Kesho siko na kazi ingine. Nadia na "dj" ao "di"?

Kadidja: "Di" tu. N, a, d, i, a.

Sylvain: N, a, d, i, a.

Mama Katungu (kwa mbali): Anasema nini huyo mutoto? Amefurahi?

Sylvain: Ndiyo, Mama. Amefurahi.

Kadidja: Utamuambia siku gani?

Sylvain: Jumapili. Akishavaa. Hapana... sijui. Leo. Nitamuambia leo, asiifunge bure ile kitenge.

Kadidja: Mushukuru. Muambie nilisema bluu njo rangi ningechagua.

Sylvain: Kadi.

Kadidja: Mm.

Sylvain: Kwenye film, ile gari. Hukuona mwisho. Hutaki kujua inasimama namna gani?

Kadidja: Ulisema inasimama.

Sylvain: Inasimama. Mama Delphine aliandika inaanguka kwenye maji, lakini hawakuwa na gari ingine ya kuharibu. Donc ikabidi dereva aishi.

Kadidja: Ni vizuri aishi.

Sylvain: Anashuka, anakaa kando ya barabara. Anakaa tu. Batu wa kwenye ile chumba waliuliza juu ya nini hasemi kitu. Miye pia nilisema ni mubaya, atoe hata neno. Sasa naona...

(Upepo. Pumzi ya mtu karibu na simu.)

Sylvain: Kadi? Uko hapo?

Kadidja: Niko. Muzee anataka simu yake. Sylvain, nenda ukafundishe Olga, saa imebaki kidogo. Na ukule. Ukikasirika haukuli. Usalimie Tonton Élie, na umuambie— ah, usimuambie kitu.

Sylvain: Ngoja. Ngoja kidogo. Bado sijasema—

Kadidja: Mungu akulinde. Mayunite ya simu inakwisha, itakatika—

Sylvain: Kadi, ngoja!

(Simu inagongwa na kitu. Sauti za mbali, nyayo kwenye changarawe. Kisha pumzi ndogo.)

Sara: Tonton?

Sylvain: ...Ndiyo.

Sara: Mama mudogo anasema nikuambie mayunite imekwisha.

Sylvain: Ah.

Sara: Lakini simu bado inaongea.

Sylvain: Ni Sara, ee?

Sara: Ee.

Sylvain: Umekula, Sara?

Sara: Nilikula wali na samaki. Mama mudogo njo alipika. Alitia chumvi mingi.

Sylvain: Iko wapi sasa?

Sara: Iko hapa chini. Amekaa na mutoto. Amejifunika uso na kitambaa. Analia. Ulimuambia nini?

(Mtandao unakoroma, unatulia.)

Sylvain: Uko karibu naye?

Sara: Ee.

Sylvain: Mushike mukono. Ule ambao haujashika mutoto. Nguvu.

Sara: Nimemushika.

Sylvain: Bon. Usiuachilie. Sasa umuambie tonton amesikia. Umuambie mayunite imekwisha kweli.

(Anakata.)